Uliza Shangazi: Duka linajua nini kuhusu mteja wake?

Assalam alaykum wasomaji wangu. Mwezi huu meseji zenu karibu zote zimezunguka jambo moja, wenye biashara wanauliza vipi watumie rekodi za wateja wajue kila mtu atahitaji nini, na wateja nao wanauliza hawa watu wamejuaje mimi nahitaji nini na sijawaambia. Nimechukua nne, nimezifupisha kidogo na majina nimeyatoa. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake wengi mnaifanya kazi hiyo hiyo na sitaki mtu apoteze pesa wala apoteze wateja.

Shangazi shikamoo. Nina duka la vyakula na gesi hapa Langoni, Lamu, nauza kredito za simu na pia ni wakala wa M-Pesa. Tangu 2023 naandika kila kitu, kwanza kwa daftari halafu mpwa wangu akanitilia kwenye Excel, nani kanunua nini, siku gani, bei gani. Sasa huyu mpwa anasema kuna akili bandia, unaipa ile Excel yote inakwambia kila mteja wiki ijayo atahitaji nini, halafu kila mtu unamtumia meseji yake. Namba za watu wa M-Pesa pia ninazo nyingi, naweza kuzitumia? Nianzie wapi?
*Mwenye duka, Langoni*

Marahaba baba. Kwanza nikupongeze kwa kuandika miaka yote hiyo, manake wengi wanataka mashine iwabashirie na hawana hata karatasi moja ya kuipa. Ila kabla hujatoa pesa ya programu yoyote nikwambie kitu nilichokiona kwa macho yangu.

Babangu alikua na duka huko huko Langoni, na deni za watu alikua akiziandika kwenye kaunta buku, lile la jalada jeusi na mgongo mwekundu, kila nyumba na ukurasa wake. Nikitoka chuoni jioni nilikua nakaa naye nasoma alichoandika, sukari nusu, unga kilo mbili, mafuta ya taa chupa moja. Kulikua na nyumba ikichukua chupa mbili za mafuta ya taa kwa wiki, wiki zote hivo hivo, halafu ukurasa ukaonyesha nne, na wiki iliyofuata tano. Baba akapitisha kidole pale, akarudia tena, hakusema kitu mbele ya watu. Alipokuja mtoto wa nyumba ile na chupa yake akamtilia mafuta, akamfungia na vipande vya tangawizi kwenye gazeti, akamwambia mpe mama, mwambie nauliza kama nyote wazima. Usiku mama mwenyewe akaja kwa mlango wa nyuma, kumbe wana mgonjwa, taa haizimwi mpaka alfajiri, na nauli ya boti ya kumpeleka hospitali hawana.

Kwenye lile daftari hakukua na neno mgonjwa. Kulikua na mafuta ya taa yaliyoongezeka tu, na yangeweza kuongezeka kwa sababu wamepata wageni, au mtoto anasomea mtihani, au wanamgawia jirani. Daftari linakwambia mtu amenunua nini kwako, halikwambii anahitaji nini, na watu wengi wanaouza hizi programu wanayafanya hayo mawili kuwa kitu kimoja. Babangu aliuliza, na aliuliza kwa njia ambayo yule mama angeweza kujibu bila kuaibika. Nakuomba hili ulishike kwa sababu yote ninayokwambia hapa chini yametoka hapo.

Sasa tuje kwa yako. Usianze na akili bandia, anza na gesi. Chukua mteja mmoja wa mtungi wa kilo 6, tuseme alijaza tarehe 3 Januari, halafu 25 Januari, halafu 17 Februari. Ukihesabu hapo ni siku 22 halafu 23, basi mtungi wake ndio mwendo wake huo, na huu wa sasa utaisha kama tarehe 11 au 12 Machi. Hiyo ni hesabu ya kutoa na kugawanya, Excel inaifanya bure, na kwa vitu vinavyoisha kwa mwendo wake kama gesi, unga, mafuta ya kupikia, nepi, itakusaidia kuliko mashine yenye jina kubwa. Na faida ya kwanza wala si kumtumia mtu meseji, ni wewe kujua boti ya mizigo ikitoka Mokowe, kule bara, wiki hii ikuletee mitungi mingapi, mtu asije dukani jua kali na mtungi begani akaambiwa imeisha. Hapo umemhudumia mteja na hajui hata kama ulimhesabia, na hujamsumbua.

Kuna sehemu moja programu za watu wa mbali zitakupoteza, nayo ni kalenda. Rekodi zako zina 2023, 2024 na 2025. Mwaka 2023 Ramadhani ilianza Machi inaelekea kuisha, 2024 karibu na katikati ya Machi, 2025 mwanzo mwanzo wa Machi. Mashine ikisoma hivo itajifunza kwamba Machi ndio mwezi wa tende na unga wa ngano na gesi kuisha upesi, manake nyumba zetu mwezi huo ni kaimati, sambusa, viazi na mkate wa sinia kila jioni. Lakini 2026 Ramadhani inaanza Februari, na kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11, kwa hivyo ukiifuata mashine utachelewa kujaza stoki, na utabaki nayo watu washakula Idi. Maulidi nayo hivo hivo, mji unajaa wageni kwa tarehe za mwezi muandamo, si za kalenda ya ukutani. Mwambie mpwa wako aongeze safu moja tu kwenye Excel, tarehe ya Kiislamu kwa kila siku ya mauzo, na hiyo safu itakuletea faida kuliko chochote atakachonunua.

Halafu kuna bahari. Upepo wa kusi ukikaza, miezi ya Juni mpaka Agosti, wavuvi wengi hawatoki, na wateja wako wanaoishi kwa samaki wataonekana kwenye Excel kama wamekuhama. Hawajakuhama, hawana pesa. Mashine isiyojua kusi itakwambia uwatumie ofa ya kuwarudisha, tumekukosa sana, njoo upate punguzo, na mtu mwenye deni lako la unga akisoma hiyo ataona unamdai kwa mafumbo, ataanza kupita njia ya nyuma asionane na wewe. Mtu kama huyo anahitaji umwambie deni lingoje upepo, na hilo hakuna programu itakayokwambia, wewe unalijua tayari kwa sababu unaishi hapa.

Angalia pia ni nani hasa yuko kwenye kila mstari. Kwetu mtoto hutumwa dukani, jina lililoandikwa ni la mama, nepi ni za wifi yake, dawa ya mbu ni ya nyanya na ile betri ni ya mpangaji. Ulicho nacho ni rekodi ya nyumba, si ya mtu, kwa hivyo mtu akikwambia atakubashiria mahitaji ya kila mtu mmoja mmoja kutokana na Excel hiyo, usimpe pesa.

Na ukitaka kujua kama hiyo mashine ya mpwa wako inafanya kazi kweli, kuna njia rahisi sana. Mwambie afiche miezi 3 ya mwisho ya rekodi, mashine isiione kabisa, aipe iliyobaki ibashiri hiyo miezi 3, halafu mfungue mlinganishe. Pembeni weka ubashiri wa kijinga kabisa, kwamba kila nyumba itanunua ilichonunua mwezi uliotangulia. Mashine ikishindwa kuupita huo wa kijinga kwa mbali, achana nayo. Muuzaji wa programu asiyekubali jaribio hili hana kitu cha kukuuzia.

Hata ikifaulu hesabu hii uifanye. Tuseme una nyumba 200 na wiki hii ni 10 tu zinazohitaji kitu fulani. Mashine ni nzuri, katika hizo 10 inazipata 9, na katika zile 190 zisizohitaji inakosea kwa 1 katika kila 10. Inaonekana sawa sana, lakini 1 katika 10 ya 190 ni nyumba 19. Utatuma meseji 28 na 19 zitakua zimekwenda kwa watu wasiohitaji. Kwa gesi si neno, mtu atasema bado ninayo. Kwa mambo ya ugonjwa, ya deni, ya mimba, ya mambo ya ndani ya nyumba za watu, hizo 19 ni nyumba 19 ulizoziingilia, na hizo 9 ulizopatia pengine ndio utakua umeziumiza zaidi. Soma barua ya mwisho hapo chini utanielewa.

Namba za M-Pesa usiziguse. Mtu alikupa namba atoe pesa, hakukupa umtangazie mchele. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema data iliyochukuliwa kwa kazi moja isipelekwe kwa kazi nyingine isiyohusiana nayo, na kuitumia kibiashara kunataka mwenyewe akubali waziwazi. Fanya hivi, mtu akija kujaza gesi muulize, nikukumbushe ikikaribia kuisha? Akisema ndio, andika ndio na tarehe. Akisema la, basi. Utashangaa wangapi watasema ndio, manake gesi kuishia katikati ya wali hakuna anayependa. Kuhusu kujiandikisha kwa Kamishna wa Data, ofisi ya serikali inayosimamia sheria hiyo, biashara ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kwa kawaida imesamehewa, isipokua kazi maalum zilizotajwa, ila kusamehewa kujiandikisha si kusamehewa sheria yenyewe. Na mpwa wako asiende kuimwaga Excel nzima na majina na namba za simu kwenye tovuti ya bure ya akili bandia. Atoe majina na namba kwanza, aweke nyumba 1, nyumba 2, hesabu itatoka ile ile.

Shangazi, nauza samaki wa kukaanga na viazi vya karai hapa Maweni, Malindi. Kila shule zikikaribia kufunguliwa napata meseji za mkopo, umekubaliwa elfu kadhaa, bonyeza hapa. Sijaomba. Ni kama wanajua nawaza karo. Hii simu inanisikiliza?
*Mama wa watoto wanne, Malindi*

Mama, hawana haja ya kukusikiliza. Siku ya kufunguliwa shule inajulikana na kila mtu, na kama Januari iliyopita ulikopa na ukalipa, basi Januari hii jina lako liko juu ya orodha. Mambo haya si mapya, M-Shwari, ile mikopo ya M-Pesa, ilipoanza Novemba 2012 kiwango cha mtu kilikua kinapimwa kwa vile anavyotumia M-Pesa na kredito, mtu asiye na akaunti ya benki akawa anapimwa kwa simu yake, na kwa wengi ilikua nafuu ya kweli, sitasema uongo. Fuliza ikaja 2019, hiyo hata kuomba ni kama huombi, salio likipungua inajazia.

Lakini kuna neno moja hapo nataka ulitenganishe. Hao hawabashiri kwamba unahitaji mkopo. Wanabashiri kwamba ukipewa utauchukua, na ukiuchukua utaulipa na faida yao. Hayo ni mahitaji yao, si yako. Wangetaka kujua mahitaji yako wangekuuliza karo ni ngapi, umebakisha ngapi, shule inakubali kulipwa kidogo kidogo au vipi, na pengine jibu lingekua usikope. Hakuna meseji iliyokuja kukwambia usikope mwezi huu, sivyo? Basi ikija ile ya umekubaliwa, jua aliyekubali ni mashine yao, wewe bado hujakubali.

Fungua simu, nenda kwenye mipangilio, angalia kila programu ya mkopo umeiruhusu kuona nini. Zamani nyingi zilikua zinachukua orodha yote ya watu wako na kusoma meseji. Google ilipiga marufuku programu za mikopo kuchukua orodha ya namba na picha za watu kuanzia 31 Mei 2023, ila kama unayo ya zamani uliyotumiwa na mtu kwa WhatsApp, hiyo ifute leo. Na hata ukifuta programu kumbuka rekodi zako bado ziko kwao, itabidi uwaandikie wazifute, ukiwa huna deni lao. Kuanzia Machi 2022 kanuni za Benki Kuu zinataka wakopeshaji wa simu wawe na leseni, asiye nayo usimjibu. Na siku ukikataliwa mkopo na mashine peke yake bila binadamu kuangalia, kifungu cha 35 cha ile Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakupa haki ya kutaka uamuzi uangaliwe upya. Andika uombe, wengi hawajui hili na ndio maana hawaombi.

Shangazi nafanya kazi nyumba ya wageni Shela. Bosi anataka tuwe tunajua mgeni atataka nini kabla hajafika, tuangalie nchi aliyotoka na kurasa zake za mitandao. Ni sawa?
*Kijana wa Shela*

Kumpima mtu kwa nchi yake hakukufikishi popote, Mtaliano mmoja anataka kwenda Manda kwa mashua na mwingine anataka alale. Kumchungulia mitandaoni bila yeye kujua nako si jambo ninalolipenda, mgeni akigundua hatarudi na atawaambia na wenzake. Mtumie meseji siku 3 kabla, muulize anafika kwa ndege ya saa ngapi, anakula nini, kuna mtoto au mzee asiyeweza ngazi, manake nyumba zetu ngazi zake ni za kupanda kwa roho. Waliokuja zamani rekodi yao ndio dhahabu, mtu amekuja mara 3 na kila mara ameomba mto wa pili na chai isiyo na sukari, hiyo iandikeni na msisubiri aombe mara ya nne. Mambo mawili mwambie bosi kwa heshima. Biashara za kupokea wageni zinatakiwa kujiandikisha kwa Kamishna wa Data hata zikiwa ndogo, ile nafuu ya milioni 5 haziipati. Na zile picha za pasipoti za wageni mnazotupiana kwenye grupu la WhatsApp la wafanyakazi, ziondoeni, nimeziona kwa simu za vijana pale jeti na nikaona aibu.

Shangazi sijui kama hili ni la kuandikwa. Nilipata mimba baada ya kungoja miaka minne. Nilikua nanunua vidonge vya foliki na vya kuongeza damu duka moja la dawa, wakaniomba namba ya simu nipate pointi. Zikaanza meseji, hongera mama mtarajiwa, wiki hii mtoto wako ana ukubwa wa ndimu. Sikua nimemwambia mtu ila mume wangu. Simu yangu huichezea mdogo wa mume, akasoma, nyumba nzima ikajua. Mimba ilipofika mwezi wa tatu ikaharibika. Meseji hazijakoma. Jana imekuja ya wiki ya 24 na bei za nepi. Nafanya nini?
*Jina kapuni, Mokowe*

Mwanangu, inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana, pole kwa mimba na pole kwa yote yaliyofuata. Barua yako nimeisoma usiku na nikairudia asubuhi, na mdogo wa mume simlaumu sana, mtoto ni mtoto, namlaumu aliyeiandika ile meseji na kuituma kwenye simu bila kujua simu ile inashikwa na nani.

Nikueleze ilivyotokea, si kwa kuwatetea, ni ili usifikiri kuna mtu amekaa pale anakufanyia makusudi. Ulipotaja namba yako, kila ulichonunua kikawa kinaingia mahali pamoja. Vidonge vya foliki, vya damu, pengine na kitu cha kichefuchefu, mashine ikajumlisha ikasema huyu ana mimba, ikakadiria na tarehe. Baada ya hapo haikuhitaji mtu, imeshika ile tarehe inahesabu wiki peke yake, wiki ya 8, ya 9, ya 10, na kila wiki ina meseji yake iliyoandikwa zamani. Ulipoacha kununua vile vidonge hakuna aliyeiambia kuacha kununua kuna maana gani. Waliotengeneza waliifundisha jinsi mimba inavyoanza na hawakufikiria hata siku moja kwamba kuna zinazokatika, na mimba kukatika miezi ya mwanzo ni jambo linalowapata wanawake wengi mno, mkunga yeyote angewaambia kama wangeuliza.

Huko Marekani haya yalisikika mwaka 2012, gazeti la New York Times lilipoeleza vile maduka ya Target yalivyokua yakitumia bidhaa kama 25 hivi, mafuta ya kujipaka yasiyo na harufu, vidonge vya madini, kumpa kila mwanamke alama ya uwezekano wa kua mjamzito ili wamtumie kuponi mapema. Wanawake walipoonekana kukerwa wale hawakuacha, walichanganya tu kuponi za nepi na za mashine ya kukata majani ionekane zimekuja kwa bahati. Nalisema hili kwa sababu mpaka leo kuna watu wanalihadithia kama mfano wa biashara yenye akili. Mimi naona pale walijua kabisa mteja hataki, wakachagua kumficha.

Sasa la kufanya. Kwa sheria ya 2019 habari za afya yako ni data nyeti, zina ulinzi mkubwa zaidi ya data za kawaida. Kutoa namba upate pointi si kukubali kutangaziwa mimba. Una haki ya kupinga wasikutumie tena, haki ya kutaka wafute, na haki ya kuambiwa wamempa nani mwingine, manake mara nyingi hizi meseji hutumwa na kampuni nyingine kabisa na duka lenyewe limelipia tu. Waandikie kwa maneno haya, ubadilishe utakavyo: *Mimi ni mteja wenu mwenye namba hii. Siwaruhusu kutumia data zangu za afya wala kunitumia meseji yoyote. Nataka mfute rekodi zangu zote za manunuzi na ubashiri wowote mliofanya kuhusu mimba, na mniambie kwa maandishi mmempa nani mwingine data zangu.* Hulazimiki kuwaambia mimba iliharibika, hiyo si haki yao kuijua. Peleka nakala mkononi kama unaweza, wakupigie mhuri, uweke yako. Kanuni za sheria hiyo za 2021 zinawapa siku 14 kujibu ombi la kufuta.

Siku 14 zikipita kimya, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data, ni bure kwako, na sheria inawapa siku 90 kumaliza uchunguzi. Usiogope kwamba huna Kiingereza cha barua, kifungu cha 56 kinakubali malalamiko ya kusema kwa mdomo. Usifute zile meseji, najua unataka, lakini zipige picha kwanza uzihifadhi mahali usipoziona kila siku, au mpe mume wako azitunze. Sheria inasema pia aliyeumizwa anaweza kudai fidia na kuumia kwenyewe si lazima iwe pesa iliyopotea, hata uchungu wa moyo umetajwa. Ofisi hiyo si ya kutisha kwa maneno tu, Septemba 2023 iliipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Leo usiku ile namba inayotuma izuie kwenye simu, hiyo haingoji siku 14.

Na kama anayesoma hapa ndiye mwenye lile duka la dawa, au anafanana naye, ondoa hii kitu wiki hii. Kama kweli unataka kumsaidia mama mjamzito, pale pale kaunta anaponunua vidonge mwambie kwa sauti ya chini, tuna ratiba ya kliniki na ushauri, ungependa tuwe tunakutumia, na kwa namba gani iliyo salama? Mpe na neno moja la kuandika likome kila kitu, bila kuulizwa sababu. Asipojibu meseji wala kununua kwa wiki kadhaa, nyamaza wewe kwanza.

Mwanangu wa Mokowe, kama kuandika kunakushinda nitumie sauti tu kwa WhatsApp, nitakuandikia mimi hiyo barua nikurudishie uipeleke. Na wakikujibu, nataka nilione jibu lao.